Mizani ya Hatari

Binadamu ni kiumbe mpimaji. Hupima nguo kwa dhiraa, nafaka kwa pishi, shamba kwa hatua na umri kwa miaka. Na kadiri kitu kilivyo cha thamani ndivyo akipimavyo kwa uangalifu. Msomaji akitaka ushahidi wa neno hili na aende Maganzo, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, katika wilaya ya Kishapu. Mji huo umekua mlangoni pa mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao John Williamson aliuanza mwaka 1940. Wachimbaji wadogo huchekecha changarawe tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Na chembe moja ya jiwe, ndogo kuliko punje ya mtama, ikionekana katika chekeche, hugeuzwa, huelekezwa kwenye mwanga, hupimwa, hupimwa tena, na watu watatu au wanne hubishana juu ya uzito wake. Mwaka 1947 udongo wa Mwadui ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5 kabla ya kukatwa, nayo ikawa zawadi ya arusi ya Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza. Basi udongo huo umepata kuitunukia ndoa ya mbali jiwe lisilo na mfano.

Lakini ndoa za karibu, zilizomo katika vyumba vya kupanga vya Maganzo yenyewe, nani azipimaye? Nataka kuuliza katika insha hii kwa nini watu walio hodari hivyo wa kupima jiwe ni wazito wa kupima hatari imkabiliyo mwanamke ndani ya nyumba yake. Na, ikiwa hatari hiyo yapimika, ni nani mwenye haki ya kushika mizani. Sisemi haya kwa kuwashutumu watu wa Maganzo. Uzito huu wetu sote. Nimewachagua wao kwa kuwa wanajua kupima.

Na tuanze na hesabu. Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2015 na 2016 uliona kwamba nusu ya wanawake wa Tanzania waliopata kuolewa walikuwa wamepatwa na ukatili wa mume, ama wa mwili, ama wa tendo la ndoa, ama wa moyo. Katika mkoa wa Shinyanga walikuwa 78 katika kila 100, hesabu iliyopita ya mikoa yote. Katika Kusini Pemba walikuwa 8. Msomaji na aitazame tofauti hiyo kwa makini. Wanaume wa Pemba na wa Shinyanga wameumbwa kwa udongo mmoja, na hasira yao ni hasira moja. Penye tofauti ya 8 na 78 hapana maumbile, pana desturi. Na desturi, hata ikiwa na mizizi mirefu, ni mti uliopandwa na watu.

Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba wanawake 58 katika kila 100 nchini waliona mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu moja au nyingine, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Miongoni mwa wanaume waliokubali hayo walikuwa 40. Wanawake walikizidi kipigo kwa hoja kuliko wapigaji wenyewe! Jambo hili si la kuchekwa. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba kipigo ni haki hawezi kukihesabu kuwa ni hatari. Hukihesabu kama ahesabuvyo jua la kiangazi: lachoma, lakini ni la msimu, nalo halina wa kushtakiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 66, ilikwisha kutangaza kwamba hapana mtu, hata desturi iseme nini, mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu neno hilo liandikwe. Limekaa katika kitabu, na fimbo imekaa nyuma ya mlango.

Hata hivyo sheria peke yake haitupi jibu la swali letu, kwa sababu kosa na hatari ni mambo mawili mbalimbali. Kosa huhukumiwa kwa yaliyopita. Hatari hupimwa kwa yajayo. Hakimu hugeukia nyuma na kuuliza, "Umefanya nini?" Mpima hatari hugeukia mbele na kuuliza, "Nini kinakuja?" Makofi yaliyopigwa mbele ya majirani wote yana mashahidi wengi, mkono mmoja ulioshika koo usiku, ukaachia kabla ya alama kutokea ngozini, hauna shahidi hata mmoja, nao waweza kuwa mzito kuliko makofi yote yaliyoutangulia. Mtu apimaye hatari kwa ukubwa wa jeraha ni kama mchuuzi apimaye almasi kwa ukubwa wa changarawe.

Kuna waliojaribu kupima vizuri zaidi. Mwuguzi wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alianza katika miaka ya 1980 kutunga maswali ya kujua kadiri ya hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa miji 11 ya nchi yao. Waliwalinganisha wanawake waliouawa na wanawake waliopigwa lakini wakabaki hai, wakatafuta kilichotenga kundi na kundi. Wakaona mambo yaleyale yakirudi: bunduki mikononi mwa mwanamume, iliyozidisha hatari mara 5, kitisho cha kuua, mwanamume kukosa kazi, mtoto wa baba mwingine kuwamo nyumbani, na kuachana, hasa na mwanamume aliyezoea kutawala kila hatua ya mwanamke. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyepata kukabwa koo na mwenzi wake yu katika hatari ya kuja kuuawa mara 7 hivi kuliko mwanamke apigwaye bila kukabwa. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu lilichowatolea wahudumu wa afya mwaka 2014, liliyafupisha mambo ya namna hii yakawa maswali machache. Je, katika miezi sita iliyopita mapigo yamezidi? Amepata kutumia silaha, au kutishia kwa silaha? Amepata kukukaba? Alikupiga ulipokuwa na mimba? Ana wivu mkali usiokoma? Wadhani aweza kukuua? Mwanamke ajibuye "ndiyo" kwa matatu au zaidi huhesabiwa kuwa yu karibu na hatari kubwa.

Hapa ndipo swali la maadili lizaliwapo. Maswali haya yaulizwa na mtu wa nje: mwuguzi, polisi, mtu wa ustawi wa jamii. Yeye hakulala katika chumba kile. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kwa haki gani mtu aliyekuja jana na karatasi mkononi amwambie mwanamke wa miaka kumi katika ndoa kiasi cha kunguni waliomo kitandani mwake? Mwanamke anajua sauti ya hatua za mumewe mlangoni. Anajua kwa namna aliyoweka sururu chini kama siku ilikuwa na jiwe au haikuwa nalo. Elimu hiyo haimo katika kitabu, na asiyeiheshimu si msaidizi, ni bwana wa pili juu ya mwanamke aliyekwisha kuchoshwa na wa kwanza.

Hoja hii ina nguvu, nami naiunga mkono nusu yake. Nusu nyingine yanizuia. Katika uchunguzi ule wa Marekani walikuwamo wanawake walioponea chupuchupu, na karibu nusu yao hawakuwa wametambua kwamba mwenzi wao angeweza kuwaua. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameishi na hatari muda mrefu, na mazoea hupunguza makali ya macho kama jasho lipunguzavyo makali ya mpini. Aidha mtu hupenda. Mwanamke yule hakuolewa na hatari; aliolewa na mtu mwenye kicheko, mwenye jina, baba wa watoto wake, na moyo huwa mzito kuandika mtu huyo katika orodha ya wauaji. Kwa hiyo mwanamke asemapo "naogopa," na asadikiwe bila ya kuulizwa mara ya pili, maana khofu yake ni ushahidi. Lakini asemapo "siogopi," neno lake si ushahidi wa usalama. Khofu yake yatosha kuthibitisha hatari. Utulivu wake hautoshi kuikanusha. Sijui mizani nyingine ya duniani iliyo ya namna hii, ambayo upande mmoja wake husadikiwa kuliko wa pili, na mpimaji asiyeifahamu siri hiyo atapima vibaya hata akiwa na maswali mia.

Na tufikiri mfano. Nitamtaja mwanamke wa Maganzo bila ya kumpa jina, kwa kuwa nimemuunda kwa ajili ya hoja. Walakini wasomaji wa upande ule hawatakosa kumtambua. Huuza wali na maharage kwa wachimbaji. Mumewe huchimba. Jiwe likipatikana hupotea siku tatu na fedha yake. Jiwe lisipopatikana miezi minne huenda kujaribu dhahabu upande wa Geita, kisha hurudi na mikono mitupu na moyo uliojaa shaka: nani alikula hapa, nani alilipa, mbona mwuza vocha amekuita kwa jina? Mwanamke amefika zahanati na mtoto mgonjwa. Mwuguzi amemwona akigeuza shingo kwa taabu. Amengoja mpaka wifi aliyemsindikiza ametoka nje kununua maji, kisha amefunga mlango.

"Mama, nina maswali machache. Ukiona moja ni zito, liache."

"Niulize, nesi."

"Mkono wake ulipokuwa kooni, uliweza kuvuta pumzi?"

"Niliona giza. Kisha nikamwona analia yeye. Ana hasira tu. Akipata jiwe hutulia."

Mwuguzi mbaya angesema, "Ondoka leo." Mwuguzi mwingine, mbaya vilevile, angesema, "Vumilia, ndoa ni hivyo." Huyu hakusema moja wala la pili. Alimwomba akumbuke mwaka mzima uliopita, mapigo yalitokea lini na lini, na kila moja lilikuwa la namna gani. Campbell naye huwapa wanawake kalenda ya mwaka ili waweke alama hizo kwa mikono yao. Mwanamke wetu hakuhesabu kwa tarehe. Alihesabu kwa mvua za kwanza, kwa kuvunwa mtama, kwa jino la kwanza la mtoto, kwa ile safari ya Geita. Alipofika mwisho alinyamaza. Baina ya mvua na mavuno lilikuwa pigo moja. Baina ya mavuno na jino, matatu. Tangu safari ya Geita, kila juma. "Kumbe yanakaribiana," akasema.

Neno hilo moja ndilo kiini cha yote niliyokusudia kusema. Mwuguzi hakumwambia hatari yake. Alimshikia mizani, na mwanamke akajisomea mwenyewe. Elimu ya mapigo ilikuwa yake. Mpango wa kuyaweka safu moja ili yaonekane ulitoka nje. Pasipo yeye karatasi ingekuwa tupu. Pasipo karatasi angeendelea kuona mapigo moja moja, kila moja na udhuru wake. Ndipo mwuguzi akaongeza lile ambalo mwanamke hangeweza kulijua kwa kulala katika kitanda chake peke yake: "Mama, wako wanawake wengi waliokabwa kisha wakauawa. Sisemi kwamba wewe utauawa. Nasema kwamba mimi ninaogopa kwa ajili yako." Kusema kweli hiyo hakumnyang'anyi mtu hiari yake. Kinyume chake, kuificha kwa kumwonea haya ndiko kumnyang'anya, kwa sababu mtu hachagui kati ya mambo asiyoyajua. Mawe ya mizani hii yamechongwa na vifo vya wanawake waliotangulia. Kumnyima aliye hai uzito wao ni kuwazika marehemu mara mbili.

Yafaa pia kukiri mipaka ya mizani. Kwanza, haibashiri. Yasema kwamba mawingu ni mazito; haisemi mvua itanyesha saa ngapi, na mwenye alama chache hakupewa hati ya usalama. Pili, mawe yaliyochongwa ugenini hayana budi kupimwa upya nyumbani. Huko bunduki huzidisha hatari mara 5. Katika chumba cha mchimbaji aghalabu hapana bunduki, ila pana panga, sururu na mafuta ya taa, na kila kimoja kina kazi yake halali mchana. Huko huulizwa kama mwanamume amekosa kazi. Maganzo mtu yuko kazini kila siku na hana ujira miezi minne. Msomi atakayeyatafsiri maswali bila ya kutafsiri maisha atapata majibu ya Kiswahili kwa hatari za Chicago.

Sasa tulifikie swali ambalo kila mtu huuliza, nalo huulizwa vibaya: "Kwa nini haondoki?" Waulizaji hudhani kwamba hatari imo ndani ya nyumba na usalama u nje ya mlango. Uchunguzi umeonyesha kwamba saa ya kuondoka, na majuma yaifuatayo, ndiyo aghalabu saa ya hatari kubwa, kwa kuwa mwanamume aliyetaka kumiliki huona milki yake inamtoka. Mwezi Septemba 2024 Afrika Mashariki ilifundishwa somo hili kwa uchungu. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, magharibi ya Kenya. Polisi walimtaja mwanamume aliyekuwa mwenzi wake. Wazazi wake walieleza kwamba palikuwa na ugomvi juu ya ardhi. Alifariki tarehe 5 Septemba katika hospitali ya Eldoret. Miguu iliyoweza kumaliza maili 26 haikuweza kuikimbia hatari iliyojua njia ya nyumbani kwake. Tukimkumbuka yeye tutaacha kumwuliza mwuza wali wa Maganzo kwa nini haondoki, maana huenda amepima vema kuliko sisi, akaona kwamba leo mlango ni mbaya kuliko chumba.

Tena Usukumani kuondoka kuna hesabu yake. Mahari ni ng'ombe, na aghalabu ng'ombe hao hawapo tena zizini mwa baba; wamekwisha kumwolea kaka yake mke. Binti arudipo huonekana kama mtu aliyekuja kuivunja ndoa ya pili kwa kuikimbia ya kwanza. Baba humpenda bintiye, lakini humpokea kwa jicho moja, na jicho la pili liko zizini.

Basi ikiwa kukaa ni hatari na kuondoka ni hatari, hekima iko wapi? Iko katika kujiandaa, na watu wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa neno hili na mgeni. Wasukuma wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie ijapokuwa majani yamestawi, ili kiangazi kikija wapate cha kula. Nchi ilipokuwa imegeuka karibu jangwa, mradi wa hifadhi ya ardhi uitwao HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo na miti ikarudi. Mwenye ngitili hamtukani Mungu kwa kutaraji kiangazi. Hajasema kwamba ng'ombe wake watakufa, wala hakuhama. Amekubali tu kwamba kiangazi huja, na kwamba majani hayaoti siku ya njaa.

Mpango wa usalama ni ngitili ya nafsi. Mwanamke wetu hufikiri, siku ya utulivu, mambo ambayo siku ya vita hayafikiriki. Ugomvi ukianza atatoka jikoni, penye kisu na moto, na kuelekea upande wenye mlango. Nauli ya kufika Shinyanga mjini ataiweka nje ya nyumba, kwa mwanamke amwaminiye. Kadi ya kliniki ya mtoto, kitambulisho cha taifa na nguo moja ya kila mtoto zitakaa huko pia. Mwenye bodaboda fulani atajua kwamba akipigiwa simu usiku na isizungumzwe kitu, aje. Khanga fulani ikianikwa upande wa barabara, jirani atajua kwamba si kufua. Mtoto mkubwa atafundishwa kukimbilia nyumba fulani badala ya kuingia kati ya baba na mama. Wala hayo hayataandikwa popote, kwa kuwa karatasi hupatikana mfukoni na simu hufunguliwa usiku. Yatakaririwa mpaka yakae kichwani. Na kila mambo yabadilikapo, mwanamume akirudi kutoka Geita, akipata jiwe, akipotewa na jiwe, mwanamke akishika mimba, mpango hupimwa upya, kama mwenye ngitili atazamavyo mbingu upya kila mwaka.

Msomaji makini atapinga hapa, nami ningeona vibaya asipopinga. Atasema, "Mwizi wa usalama ni mwanamume, nanyi mwamtwika mwanamke kazi ya kuulinda. Yeye apigwe, na yeye afiche nauli. Yeye akabwe, na yeye akariri njia. Je, mmepanga usalama au mmepanga uvumilivu?" Hoja hii ni ya haki, na mpango mwingi wa usalama umestahili lawama hiyo. Lakini na tuurudie mpango ule na kuusoma neno kwa neno. Nauli iko kwa nani? Kwa rafiki. Nani atazame khanga? Jirani. Nani aje usiku? Mwenye bodaboda. Nani ampokee Shinyanga? Ndugu, au nyumba salama, au polisi. Mpango wa usalama ukisomwa vizuri ni hati ya madeni, na mwanamke katika hati hiyo ndiye mdai. Ukiona mpango ambao kila jambo lake hufanywa na mwanamke peke yake, jua kwamba si mpango. Ni upweke ulioandikwa kwa mpangilio.

Na wadeni ni wengi. Wa kwanza ni jirani, ambaye husikia kupitia ukuta na hujikinga kwa methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Methali hiyo ilisemwa juu ya ndugu walio sawa kwa nguvu, ambao kesho watapatana. Haikusemwa juu ya mtu aliyeshikwa koo. Kwamba jirani aweza kubadilika si ndoto. Huko Kampala, baina ya mwaka 2007 na 2012, mitaa iliyofundishwa kwa mradi wa SASA!, wa shirika la Raising Voices, ililinganishwa na mitaa ambayo ilikuwa haijafundishwa. Mwishoni ukatili wa mwili wa wenzi katika mitaa ya kwanza ulikuwa pungufu kwa nusu hivi. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wageni wa mbali, walikuwa majirani wenyewe.

Wa pili ni serikali, ambayo imejiandikia madeni yake kwa mkono wake: madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, vituo vya mkono kwa mkono katika hospitali, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizowekwa hadi vijijini kwa mpango wa taifa wa mwaka 2017. Dawati ni meza, humlinda mtu yule tu ambaye nyuma yake ameketi mtu asemaye, "Karibu, kaa," wala hasemi, "Nenda mkayamalize nyumbani."

Wa tatu ni wazee wa usuluhishi, na juu yao nataka kusema kwa adabu lakini bila ya kuficha. Sheria ya Ndoa hutaka mashauri ya talaka yapitie kwanza katika baraza la usuluhishi, isipokuwa penye sababu za pekee, na desturi zetu hupenda suluhu kuliko hukumu. Hilo ni jambo jema baina ya watu wawili waliokoseana. Lakini suluhu hudai kwamba kila mmoja aweza kusema kweli mbele ya mwenziwe na kulala salama usiku ule. Penye kitisho cha kuua, kumketisha mwanamke katika mkeka mmoja na amtishaye, na kumtaka aseme yote, ni kumwomba aandike mashtaka ambayo atayalipia nyumbani. Wazee na wapime hatari kabla ya kutandika mkeka. Amani iliyopatikana kwa mmoja kunyamaza si suluhu.

Limebaki swali gumu kuliko yote, nalo silitatui kwa urahisi. Mwanamke amejisomea mizani, ameona, kisha amesema, "Nitabaki, na usimwambie mtu." Je, msaidizi atii? Wako wasemao kwamba uhai hupita hiari, na kwamba ni lazima apelekwe polisi kwa nguvu. Nawauliza: polisi wakiisha kuondoka, nani atakuwa chumbani? Katika mji mdogo neno husafiri kabla ya gari, na mume atajua nani alisema kabla ya hati ya polisi kukauka wino. Kumwokoa mtu kinyume cha mpango wake mara nyingi ni kuhamishia hatari katika saa ambayo hakuiandalia. Kwa hiyo nashikilia kwamba mtu mzima aachiwe uamuzi wake, na mlango wa msaidizi ubaki wazi, bila ya kinyongo, hata arudi mara ya saba. Hapo naweka mipaka miwili. Mtoto akiwa hatarini, hiari ya mama haitoshi kumfunga msaidizi mdomo. Na mwanamume akionekana njiani kwenda kuua, hapana siri duniani iliyo nzito kuliko pumzi ya mtu. Hata katika mipaka hiyo msaidizi na amwambie mwanamke kwanza, "Nitasema, na sababu yake ni hii," ili asisalitiwe na mkono uleule uliomshikia mizani.

Msomaji ataona kwamba sikumpa kanuni ya kumaliza ukatili. Kanuni hiyo iko katika malezi ya wavulana, katika mali mikononi mwa wanawake na katika sheria zisimamiwazo, nayo ni kazi ya kizazi. Lakini mwanamke wa Maganzo haishi katika kizazi kijacho. Anaishi baina ya leo jioni na kesho asubuhi, na maadili yasiyomfaa katika muda huo ni maadili ya vitabuni. Kumfaa ni kumsadiki aogopapo, kumwambia kweli asipoogopa, kumshikia mizani bila ya kumnyang'anya, na kulipa, kila mtu kwa nafasi yake, deni ambalo mpango wake umetuandikia. Huko machimboni jua likichwa wachekechaji bado huinamia changarawe, wakiigeuza kwa vidole chembe wanayoishuku, maana hapana apendaye kulitupa jiwe kwa haraka. Siku watu wale watakapoinamia neno la mwanamke asemaye "alinikaba, nikaona giza" kwa subira hiyohiyo, watakuwa wamejua kwamba hawakupata kushika kitu cha thamani zaidi.